Salama, Ila

Hezekiah Kipchumba alikuwa ameinua karatasi yenye jina la Mzungu kwa saa mbili nzima, mabega yakaanza kumuuma. Ukumbi wa wanaowasili wa uwanja wa ndege wa Riyadh ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Vibarua wa Kipakistani walikuwa na masanduku yaliyofungwa kwa kamba, na familia za Kisaudi zilizotoka likizo zilipita zikinukia udi. Kando ya nguzo, sakafuni, waliketishwa wanawake arobaini hivi wa Kenya, safu kwa safu. Pasipoti zao zilikuwa mkononi mwa askari, zimefungwa bunda moja kwa raba, na wenyewe walikuwa wakingoja makafili, waajiri waliowadhamini, waje kuwachukua kama mizigo. Huo ulikuwa mwaka 2012, na ndege za Nairobi zilikuwa zikimwaga watu hivyo kila wiki. Walioshiba kwa biashara ile leo ni waheshimiwa, na wanaomba tusahau.

"Huyu naye ameanguka baharini?" Hezekiah akanung'unika kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumsikia.

"Labda ameketishwa hapa nasi," sauti ikamjibu kutoka chini. "Tafuta vizuri, afande. Sote tunafanana."

Akageuka. Mwanamke aliyesema alikuwa amekunja miguu upande, abaya yake bado ina mikunjo ya dukani, mtandio wa zambarau umefungwa ovyo na mtu ambaye hajazoea kuufunga. Mapajani alikuwa amepakata kisanduku kigumu cha plastiki kama mama aliyepakata mtoto. Uso ulikuwa umechoka, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Nani amekuambia mimi ni afande?"

"Mtu wa kawaida akichoka huegemea nguzo. Wewe umechoka na bado umesimama kama mlingoti wa bendera."

"Na wewe umeletwa kazi ya nyumba?"

"Ndivyo alivyoamua yule askari. Nimemwonyesha mkataba. Nimemwambia mimi ni mtaalamu wa maji, napima visima, hiki kisanduku ni maabara. Ameniambia yalla, kaa. Basi nimekaa."

"Umeajiriwa na nani?"

Akataja shirika. Hezekiah akahisi damu ikimpanda usoni, maana lilikuwa shirika lake mwenyewe. Akafungua orodha ya wageni wa siku hiyo. Jina la Mhandisi, mshauri kutoka Ulaya, lilikuwa juu, kwa herufi nzito, na gari pembeni yake. Chini kabisa iliandikwa: Risper Atieno, ofisi ya Jeddah, atajipangia usafiri. Katika nchi ambayo mwanamke aliyekuja peke yake haruhusiwi kuvuka mlango ule bila mwenyeji wake, mtu fulani alikuwa ameketi ofisini, akanywa chai yake, akaandika kwamba atajipangia usafiri.

Hezekiah akatoa kalamu, akaandika jina la Risper chini ya lile la Mzungu, akaenda kwa askari na karatasi na kitambulisho cha kazi. Wakabishana kidogo. Pasipoti moja ikachomolewa kwenye bunda.

"Umemwambia nini?" Risper akauliza, akijikung'uta vumbi.

"Nimemwambia huyu ni wangu."

"Wako?"

"Kiarabu changu ni cha kuokoteza. Nilitaka kusema wetu."

Risper akamtazama kutoka viatuni hadi kichwani. "Endelea kuokoteza hivyo hivyo," akasema.

Mhandisi alipotokea akaketi mbele. Risper akaketi nyuma na masanduku. Wale wanawake wengine walibaki pale pale sakafuni, na Hezekiah, aliyekuwa amelipwa kulinda watu, hakugeuka kuwatazama.

Kazi yake ilikuwa hiyo, kulinda watu. Shirika lilichimba visima na kujenga zahanati Somalia, nchi iliyokuwa ikijaribu kusimama baada ya miaka ishirini ya vita, na yeye ndiye aliyekuwa afisa wa usalama wa wafanyakazi. Alikuwa mtu wa mawasiliano katika jeshi la Kenya kabla ya kupata mkataba huu. Sasa aliketi mezani Riyadh, mbele yake ramani na simu mbili, na alijua kila mfanyakazi aliyeko kule yuko wapi, amepanda gari gani, anapita barabara ipi. Hakuna aliyebadilisha safari bila ruhusa ya meza ile. Kila saa sita mchana, aliyekuwa safarini alipiga simu. Hezekiah aliuliza rangi. Kijani maana yake endeleeni. Njano maana yake nina shaka, nisikilize. Nyekundu ni hatari.

Katika mafunzo ya wageni wiki ile ile, Risper alinyoosha mkono. "Kwa nini rangi? Si uniulize tu hali yangu?"

"Kwa sababu nakujua," Hezekiah akajibu, na Wakenya wawili waliokuwa chumbani wakacheka. "Namaanisha nawajua watu wetu. Mtu wetu ukimuuliza habari atasema njema, hata kama paa linaungua. Salama, halafu ila. Ila mtoto amelazwa. Ila jana tulizika. Msiba wote unakaa nyuma ya ila. Kwenye redio hakuna muda wa kungoja ila. Kwa hiyo hapa hatuulizani habari. Ni rangi tu."

Maneno hayo aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu kumi na wanne.

Risper akapelekwa Jeddah, ofisi ya Al-Rawdah, mtaa wa majumba yenye kuta ndefu na miti iliyokatwa ikafanana. Simu zikaanza. Zilianza za kikazi, zikawa za nusu kazi, kisha za mtu akitoka ofisini alasiri hataki hata kuvua viatu kabla ya kupiga.

"Afande, umekula?"

"Nimekula mchele."

"Mchele tena? Wewe Mkalenjin mzima, maziwa ya kwenu yatakusahau."

"Nyar Ugenya, binti wa Kijaluo wewe, ndiwe utanisahau. Nasikia Jeddah kuna samaki."

"Kuna samaki, ila hakuna wa kunitolea miiba."

Kila baada ya wiki nne Hezekiah alitumwa Jeddah kukagua ofisi. Kukutana hadharani mwanamume na mwanamke wasio ndugu ilikuwa kujitafutia balaa, kwa hiyo walichumbiana dukani. Kila mmoja alisukuma toroli lake katika duka kubwa lililojaa familia, wakasimama mbele ya rafu moja ya mchele, macho kwenye magunia, wakizungumza kama watu wasiojuana.

"Umependeza," Hezekiah aliambia mchele.

"Ni abaya nyeusi kama zile nyingine elfu moja humu ndani."

"Hiyo ina mtu ndani yake."

Risper akaweka mkono mdomoni kuficha kicheko, akasogeza toroli hadi kwenye maharage. Mama mmoja wa Kisaudi akawatazama. Wakasoma maandishi ya kopo kwa bidii.

Lakini Risper pia alikuwa na maneno ya kumchoma. "Wewe unasema usalama wa wafanyakazi. Binamu yangu Pauline yuko mtaa wa Aziziya, ndani ya nyumba moja, mwaka wa pili huu. Nimemwona mara moja tu, yuko kwenye roshani anakung'uta zulia. Tukapungiana kama wafungwa. Nani humpigia yeye saa sita? Nani humuuliza rangi?"

"Yeye si mfanyakazi wetu, mpenzi."

"Hilo najua. Nauliza tu ni wa nani."

Kwa kuwa alimpenda, Hezekiah hakulitafuta jibu. Mapenzi yanaweza kumfanya mtu mzuri awe mvivu.

Ni mapenzi hayo hayo yaliyoivunja sheria. Risper alipoanza kusafiri Somalia, Hezekiah aliwauliza wengine wote rangi. Kwake yeye, sauti ile ikitoka mbali katika mkwaruzo wa simu ya setilaiti, ulimi wake ulikataa. Kumuuliza mchumba wako rangi ni kama kumpigia saluti kitandani. Akamuuliza, "Habari yako, mpenzi?" Naye akajibu, "Salama, mpenzi," na Hezekiah akaandika kitabuni: kijani. Safari ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili pia.

Safari ya tatu ilikuwa Machi 2013. Risper alikuwa ametoka Baidoa kwenda kupima kisima kipya, na dereva wake alikuwa Warsame, Msomali aliyekulia Garissa, mwenye Kiswahili cha mji na miaka tisa ya barabara zile kichwani. Saa sita kamili simu ikaita. Dakika hiyo hiyo simu ya pili ikaita, na taa yake ikamwambia ni Mhandisi, yule yule wa uwanja wa ndege, ambaye sasa alikuwa Mogadishu. Aliyemfanya Mhandisi angoje wiki iliyopita alikuwa ameandikiwa barua ya onyo.

"Habari yako, mpenzi?"

"Salama tu, mpenzi, ila..."

"Haya, salama. Nakupenda." Akabonyeza, akaandika kitabuni: kijani.

"Rangi?" akamuuliza Mhandisi.

"Nyekundu, kwa joto," Mhandisi akasema, akacheka. Kiyoyozi cha gari lake la chuma, lisilopenya risasi, kilikuwa kimeharibika. Alitaka gari lingine la chuma. Alieleza habari za kiyoyozi kwa dakika ishirini na mbili, na Hezekiah akazisikiliza zote, akiandika. Simu yake ya mkononi ilitetemeka juu ya meza, ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Mara ya tatu akaitazama, akaona ni yeye, akatabasamu. Aliwaza: huyu mwanamke naye, hawezi kumaliza saa moja bila kunisumbua. Akaigeuza kifudifudi.

Kule barabarani, nyuma ya ila, kulikuwa na haya: Warsame alikuwa amekutana na wachungaji wa ngamia waliokimbia, wamemwambia barabara ya chini ina watu wenye bunduki. Alitaka wangoje hadi kesho. Bila ruhusa ya meza hawakuweza kungoja. Mkuu wa kituo cha Baidoa, aliyekuwa katika gari la mbele, alipiga Riyadh mwenyewe, akajibiwa na karani kwamba kitabu kinasema kijani. Basi wakaondoka.

Risasi zilipiga saa nane. Gari la mbele likaponyoka, la Warsame likapinduka, likawaka moto. Simu ya setilaiti ikaungua nalo. Risper alitoka na michubuko. Aliufunga mguu wa Warsame kwa mtandio wake wa zambarau na kuukaza kwa kijiti kwa saa nne, hadi msaada ukafika. Mguu haukupona. Shirika likamsafirisha Warsame hadi hospitali ya Jeddah, na katika jarida lake likaandika kwamba linajali wafanyakazi wote.

Hezekiah alipopata habari, kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kulia. Aliichukua simu yake ya mkononi, akafungua orodha ya simu zisizopokelewa, akaziona tatu, saa sita na dakika nne, na tisa, na kumi na tano. Kidole chake kikazifuta moja baada ya nyingine. Baada ya hapo ndipo akauliza kama Risper yuko hai.

Risper alimpigia siku ya tatu, akiwa amerudi Jeddah.

"Unaendeleaje?" Hezekiah akauliza.

"Niko. Nilikupigia kwenye simu yako ya mkononi baada ya ile ya kwanza. Mara tatu. Zilikufikia?"

Lango lilikuwa wazi mbele yake, upana wa neno moja.

"Hapana," akasema. "Labda mtandao."

"Sawa," Risper akajibu taratibu. "Sawa, Hezekiah."

Hakumwita afande. Toka siku hiyo simu zake zikawa fupi kama barua za serikali. Hezekiah akajiambia ni mshtuko, utapita. Alikuwa stadi wa kujiambia mambo.

Kamati ya uchunguzi ikakaa Riyadh: mwenyekiti, mwanasheria, na kwa kuwa alilijua eneo, Mhandisi. Maelezo ya Risper yalisomwa kutoka kwenye karatasi. Alisema alianza kutoa taarifa ya shaka, laini ikakatika. Mhandisi akamgeukia Hezekiah.

"Alikupa rangi gani?"

"Alisema yuko salama."

"Yaani kijani," mwanasheria akasema, na kalamu yake ikaandika.

Hezekiah hakusahihisha. Hakusema uongo hata neno moja, na ndiyo maana uongo wake ulikuwa mzito. Kamati ikaamua kwamba mtaalamu wa maji aliendelea na safari akiwa na shaka ambayo hakuiripoti, na kwamba laini ikikatika mtu hupiga tena. Atarudishwa kwao mwisho wa mwezi kwa huruji, mhuri wa kuondoka usio na kurudi, na faili lake litasema alisababisha mwenzake kukatwa mguu. Hakuna shirika lingine ambalo lingemgusa. Dereva hakuulizwa kitu. Madereva hawaulizwi. Wako hapo kuendesha.

Kwa siku nne Hezekiah hakuweza kumeza chakula. Siku ya tano, Alhamisi, akapanda ndege ya Jeddah bila kumwambia mtu, akaenda hospitalini, kwa sababu alikuwa ameambiwa Risper huwa huko kila alasiri.

Alimkuta kwenye benchi la wageni, amevaa abaya ya kazini iliyofifia mikono, kichwani kitambaa cheusi tu. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakushtuka.

"Umekuja kukagua ofisi?"

"Nimekuja kukuambia jambo. Sijui pa kuanzia."

"Anzia popote. Sina haraka, nina siku kumi na moja."

"Laini haikukatika." Alilitoa neno kama anatoa jino. "Mimi ndiye niliyekata. Mhandisi alikuwa kwenye simu ya pili. Nilisikia salama, nikakata."

Risper akatazama mikono yake. "Najua."

"Unajua?"

"Warsame alikuwa ameweka sauti kubwa garini. Tulisikia sote wawili. Haya, salama, nakupenda, kisha kimya. Warsame akasema, afande leo ana haraka." Akainua uso. "Na zile tatu pia najua. Simu isiyopatikana haiiti, Hezekiah. Yako iliita. Iliita mpaka ikachoka, mara tatu."

"Kwa nini basi uliwaambia laini ilikatika?"

"Kwa sababu mimi ni mjinga. Nilisema nikuwekee nafasi, nikaziacha hata zile simu tatu. Nilifikiri, wakimuita atasimama. Atasema hapana, huyu dada hana kosa, ni mimi niliyekata. Nilitaka usimame mwenyewe bila mtu kukusukuma, halafu niwe na la kujivunia. Nikangoja. Ikaja barua yangu, na jina lako limo ndani yake, shahidi."

Hezekiah akaketi. Wageni walipita na maua na birika za kahawa.

"Kuna lingine," akasema. "Hilo hulijui. Zile simu tatu nilizifuta. Siku ile ile. Kabla hata sijauliza kama uko hai."

Hapo ndipo uso wa Risper ulipobadilika. Alikuwa amemsamehe mengi mle ndani ya kichwa chake katika siku zile, lakini hilo halikuwa kwenye orodha. Akainuka, akaenda hadi dirishani, akasimama huko muda mrefu akimpa mgongo. Aliporudi sauti yake ilikuwa kavu.

"Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba ya mguu usio wangu. Twende."

Warsame alikuwa amekaa kitandani, mto nyuma ya mgongo, shuka limelala bapa pale ambapo goti la kulia lingekuwa.

"Dada, umeniletea nani?"

"Nimekuletea afande wa Riyadh."

"Ah. Mwenye haraka." Hakutabasamu. "Karibu, ndugu. Kiti kiko pale. Ningekupisha, ila mguu wangu mmoja umebaki Baidoa."

Hezekiah hakuketi. Akamweleza yote akiwa amesimama: habari badala ya rangi, kiyoyozi cha Mhandisi, kufuta, na jibu lake mbele ya kamati. Warsame alisikiliza akichezea ncha ya shuka. Ilipokwisha akauliza kitu ambacho Hezekiah hakukitarajia.

"Una kalamu?"

"Ninayo."

"Kamati haikunihitaji mimi. Miaka tisa naendesha, hawajui kama nina mdomo. Sasa wewe utaniandikia. Andika nitakavyosema mimi, usininyooshee maneno."

Hezekiah akaketi. Akaandika kwenye karatasi iliyokuwa ya kipimo cha homa, upande wa nyuma.

"Andika: mimi Warsame nilisema tusipite. Andika: huyu dada alipiga simu akiwa mbele yangu, akasema salama ila, na mtu wa Riyadh akamkata. Umeandika akamkata?"

"Nimeandika."

"Soma."

"Na mtu wa Riyadh akamkata."

"Futa mtu wa Riyadh. Weka jina lako."

Kalamu ilisita. Risper alikuwa ameegemea mlango, akiitazama. Hezekiah akaandika jina lake, lote, pamoja na la baba yake.

"Andika: dada akapiga tena mara tatu. Andika: mguu wangu alioufunga kwa kitambaa chake si yeye aliyeukata." Warsame akapumua. "Sasa weka yako chini. Zile ulizofuta."

Walipomaliza, Warsame akaweka sahihi, Hezekiah akaweka yake. Risper akaichukua kalamu akaongeza sentensi moja: laini haikukatika, nilisema hivyo ili kumlinda. Hezekiah akamwambia asiandike hilo, litamponza. "Niache," akasema. "Nimechoka kulala na uongo wa mtu mwingine."

"Umenisamehe, ndugu?" Hezekiah akamuuliza Warsame mlangoni.

"Leo nina zoezi la kushuka kitandani," Warsame akajibu. "Hilo lako sijalifikia."

Karatasi ile ikafika Riyadh Jumamosi. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaiweka chini kama kitu chenye harufu. Kamati ikafuta uamuzi wa kumrudisha Risper. Alipewa barua ya onyo kwa kusema laini ilikatika, akaruhusiwa kumaliza mkataba. Jina la Warsame likaingizwa kwa mara ya kwanza kwenye ripoti, ukurasa wa sita. Hezekiah akapewa siku nne na mhuri wa huruji. Mhandisi hakuulizwa lolote. Alipata gari lake jipya.

Alasiri ya mwisho Hezekiah alikuwa chumbani kwake mtaa wa Malaz, anakunja mashati, wakati simu ilipoita. Alilitazama jina la Risper likiwaka, akaipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Unapakia?" Risper akauliza.

"Napakia. Sina vingi."

"Warsame amesimama leo. Dakika tatu, na magongo. Ametukana Kisomali muda wote."

"Ameniulizia?"

"Hapana. Nami sijakusamehe, nikwambie ukweli. Nikilala naiona simu inaita juu ya meza yako, imefunikwa kifudifudi. Ila sijaacha kukupenda pia, na hilo linaniudhi zaidi."

Hezekiah aliketi kwenye ukingo wa kitanda, shati mkononi. "Niambie la kufanya, nyar Ugenya. Chochote."

"Usiniambie chochote. Chochote ni neno la mtu anayetaka kumaliza haraka." Nyuma yake palikuwa na honi na sauti za Jeddah. "Sikiliza. Mkataba wangu unaisha Agosti. Nitarudi kwa mama. Ukitaka kunioa, njoo Ugenya na wazee wako kama watu wanavyokuja. Mzee wenu atasimama akusifu, ndiyo desturi: kijana wetu mpole, kijana wetu mchapakazi, amekuwa jeshini, amefika hadi Uarabuni. Akishaketi, usimame wewe. Uwaambie mama na wajomba zangu ulichofanya. Kukata. Na kufuta. Na kunyamaza mbele ya wale watu wakati naandikiwa barua. Kwa sauti ambayo hata wanawake walio jikoni watasikia."

"Hakuna mtu atakayempa binti yake mtu kama huyo."

"Inawezekana."

"Na wakinifukuza?"

"Basi watakuwa wamekufukuza."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuwa nimekaa hapo, nakutazama. Sijui nitasema nini. Nitajua nikikusikia."

Hezekiah akafunga macho. Akaiona ile sebule asiyowahi kufika, viti vyenye vitambaa vilivyofumwa, soda kwenye trei, wajomba na fimbo zao. Hofu iliyompanda ilikuwa kubwa kuliko ile ya kamati, na ndani ya hofu hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Machi, akasikia njaa.

"Nitakuja," akasema.

"Usikubali upesi."

Akahesabu pumzi zake mwenyewe, na upande wa pili naye akangoja, hakuna aliyekata.

"Nitakuja, Risper."

"Haya." Sauti yake ilikuwa imelegea kidogo tu. "Na utafute mzee asiyejua kusifu sana."